Malalamiko Kuhusu Kumbukumbu za Mke Wangu Kurudi Bila Idhini Yangu

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,
Ghorofa ya pili, mlango wenye pazia la kijani.

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, na kwa nilivyokuona ukishuka ngazi nadhani hujanizidi, basi marahaba, nimeitikia mapema ili tusipoteze muda.

Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini na minne nimezunguka masokoni na maghalani na sanduku langu la mawe ya kupimia, nikiigongea muhuri mizani ya haki na kuiondoa isiyo ya haki. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kubahatisha. Nina miaka themanini na moja. Mke wangu, ambaye ndiye kiini cha malalamiko haya, ana sabini na saba. Tumeishi pamoja miaka hamsini na mitatu, na kati ya hiyo, miwili ya mwisho ilikuwa na amani ambayo sikuwahi kuiona kabla.

Namlalamikia mfamasia wako, yule binti wa dirisha namba tatu. Kwa muda wa miezi minne, akishirikiana na daktari, amempunguzia mke wangu dawa kutoka tisa hadi tatu. Matokeo yake mke wangu amerudiwa na akili zake zote. Hili halikuwa kwenye makubaliano.

Kwanza nieleze zile tisa zilipatikanaje, maana hazikuokotwa. Zilizaliwa. Cha kwanza kilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, kilichoandikwa kwa nia njema kabisa. Kikamvimbisha miguu. Daktari wa pili, naye mtu mwema, akaiona miguu, akaandika kidonge cha kutoa maji. Maji yakatoka, tena bila adabu, mama wa watu akawa haketi. Akaandikiwa cha kutuliza kibofu. Kibofu kikatulia, ila mdomo ukakauka na choo kikagoma; kikaja cha choo. Kwa mahangaiko hayo usingizi ukamkimbia. Kikaja cha usingizi. Asubuhi akawa anayumba. Kikaja cha kizunguzungu. Akaanza kusahau, kikaja cha kumbukumbu. Cha kumbukumbu kikamchafua tumbo. Kikaja cha tumbo. Hapo ni vinane. Cha tisa nitakieleza kwenye namba sita, na naomba usikitangulie.

Hakuna daktari hata mmoja aliyeondoa kidonge cha mwenzake. Kila mmoja aliona haya kuja mikono mitupu.

Mwanzoni mwa mwaka huu mke wangu akaanguka kwenye ujia wa kwendea bafuni, akateguka kifundo cha mkono. Tukaja kwako. Akafungwa bandeji, nami nikatumwa dirisha namba tatu kuchukua dawa ya maumivu, yaani ya kumi. Binti akauliza mama anatumia dawa gani nyingine. Nikaanza kumtajia. Nilipofika ya tano akaweka kalamu chini, akaniomba nirudi kesho na kila kidonge kilichomo nyumbani, pamoja na maboksi yake. Nikarudi na kopo la biskuti limejaa hadi kifuniko hakifungi. Kumbe nimejipeleka mwenyewe.

Madhara niliyoyapata ni haya yafuatayo:

1. Nimeshushwa cheo. Katika miaka ile miwili mke wangu hakunijua. Nasema kama ilivyokuwa. Aliniona mgeni, na mke wangu hajawahi kumkosea mgeni. Kila nilipoingia kutoka uani alinifutia kiti kwa kitambaa. Aliniletea chai kwenye kikombe chenye maua, ambacho kwa miaka hamsini na moja sikuruhusiwa kukigusa, na akatia sukari vijiko vitatu bila kuuliza. Kisha akaniambia nivumilie kidogo, mwenye nyumba yuko kazini, jioni atarudi. Nami nikavumilia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuwa mgeni miaka miwili na sikuonyeshwa hata ufagio. Leo kikombe chenye maua kimerudi kabatini. Sukari nimenyimwa, kwa sababu amekumbuka kwamba nina kisukari. Na juzi nimeambiwa nioshe mwenyewe nilichonywea, kwani mikono ninayo.

2. Sifa zimekatika. Wakati mgeni akisubiri, mwenye nyumba alikuwa akisifiwa. Mke wangu alimsimulia mgeni kwamba mumewe ni mtu wa haki, hajawahi kupokea hata kitunguu cha mfanyabiashara. Kwamba walikutana sokoni, alipokuja kukagua mizani yake ya kuuzia maharage, akakuta inamzidishia mteja badala ya kumpunja, na akamwandikia ilani bila kuthubutu kumtazama usoni. Kwamba tangu siku hiyo alimbatiza jina la Ratili, kwa lile jiwe la kupimia la zamani, na kwamba hata leo ukimwita hivyo mbele za watu anaona haya mpaka masikioni. Ndugu Mganga Mkuu, katika miaka hamsini na moja ya akili timamu, mwanamke huyu hakuwahi kuniambia mimi maneno hayo. Ilibidi asinijue ndipo anisifu. Siku moja nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua, na haikuwa ikinyesha. Sasa amepona, na sifa zimekwisha. Jumatano nilimchokoza nikamuuliza anamwonaje mume wake. Akasema mume wake ana maswali mengi, na mlango wa jikoni bado unakwaruza.

3. Mlango wa jikoni. Nilikuwa sijakusudia kuuingiza humu, lakini umeshatajwa. Ni kweli niliahidi kuutengeneza kabla hajaanza kuumwa. Kwa miaka miwili aliusukuma kwa nyonga bila neno, akidhani ndivyo milango ilivyo. Sasa amekumbuka. Tena hakukumbuka ahadi tu. Amekumbuka ilikuwa siku gani, alivaa nini, na kwamba nilikuwa nakula alichopika wakati naahidi. Ahadi ni deni, sikatai, lakini deni la namna hii hospitali haikupaswa kulifufua.

4. Udugu umevurugika. Nina dada yangu, mdogo kwangu, ambaye kwa mke wangu ni wifi. Wawili hawa hawakuwahi kupikika chungu kimoja tangu siku ya harusi yetu, na hakuna anayejua chanzo. Ugonjwa ulipoingia, mke wangu akasahau kwamba wamegombana. Dada yangu akawa anakuja kila Ijumaa, anamchana nywele, wanacheka mpaka majirani wanachungulia. Mke wangu akampa sufuria kubwa, lile lenye mfuniko. Dada yangu aliniambia mlangoni, kwa machozi, kwamba kama huu ndio ugonjwa, basi na uenee ukoo mzima. Leo kumbukumbu zimerudi na sufuria limedaiwa, pamoja na mfuniko. Kwa kusema haki, dada yangu bado anakuja kila Ijumaa. Anakuja kubishana kuhusu sufuria, anabishana saa nne nzima, anakula, anachana watu nywele, anaondoka.

5. Ushahidi. Sasa naja kwenye hoja ya kitaalamu, na hapa naomba uvae miwani. Mimi sikubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Nilichukua kioo changu cha kukuzia, nikasoma vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi, vyote, mstari kwa mstari, kwa maandishi yale madogo ya kumkomoa mzee. Kwenye vinne nikakuta imeandikwa kwamba dawa ilijaribiwa kwa watu wa hadi miaka sitini na mitano, na kwamba kwa waliozidi hapo taarifa hazitoshi. Nilipandwa na hasira. Mizani iliyokaguliwa mwisho kilo sitini na tano, ukiipandishia mzigo wa kilo sabini na saba, mimi nakufungia duka siku hiyohiyo. Wanaomeza ni sisi. Waliojaribiwa ni watoto wetu, tena wenye ugonjwa mmoja mmoja, wanaopanda ngazi wakipiga mluzi.

Hoja hiyo nikaipeleka dirisha namba tatu. Nikamuuliza binti: kama hamna ushahidi wa kutosha kwamba dawa zinamfaa mtu wa umri huu, mna ushahidi gani kwamba kuziondoa ndiko kunakomfaa? Nilitegemea akose la kusema. Akasema babu, umeuliza vizuri kuliko wengi, na kwa sababu hiyohiyo yeye na daktari wanaondoa moja moja, polepole, wanasubiri, wanaangalia, ndipo waendelee. Na kwamba nisithubutu kumkatishia mama dawa yoyote ghafla kwa uamuzi wangu. Kisha akaniomba niwe naandika kila siku mama ameamkaje, ametembeaje, amekumbuka nini. Yaani alinipa kazi ya ukaguzi. Nalalamikia hila hiyo. Alijua mstaafu hawezi kuikataa. Daftari ninalo, nimelipigia mistari kwa rula, na kila ukurasa unanipinga. Wiki ya tatu: ameuliza leo ni siku gani. Wiki ya saba: ameimba akifua. Wiki ya kumi na moja: ameniangalia kwa muda, akauliza mbona nimekonda hivi, nani alikuwa ananilisha.

Siku hiyo sikuandika kingine.

6. Swali la dirishani. Kidonge cha tisa kilikuwa cheupe, cha mviringo. Alikiandika daktari wa zahanati ya jirani, jioni moja mke wangu alipokuwa anahangaika nyumba nzima akitafuta kwao. Nikaambiwa ni cha kumtuliza. Boksi lake lilikuwa la bluu. Kile cha usingizi, cha kwenu, kilikuwa cha njano, na boksi lake jekundu, na jina lake kubwa jingine kabisa. Kazini kwetu kulikuwa na kanuni: vitu viwili vyenye mihuri miwili ni vitu viwili, na kila kimoja hukaguliwa peke yake, siku yake, usije ukachanganya matokeo. Kwa hiyo kikaratasi cha njano nilikisoma Jumatatu, na cha cheupe nikakisoma Alhamisi. Sikuviweka meza moja hata mara moja.

Binti aliviweka meza moja. Alitoa maboksi yote mawili kwenye kopo, akayasimamisha bega kwa bega, akagusa kwa ncha ya kalamu herufi ndogo zilizo chini ya jina kubwa. Herufi zilikuwa zilezile. Ilikuwa dawa moja, viwanda viwili. Mke wangu alikuwa anameza kidonge kimoja mara mbili kila jioni, kwa mwaka mmoja na nusu, kutoka kwenye mkono huuhuu unaokuandikia. Na mimi si mtu wa kuruka siku. Nilikuwa na ratiba ukutani, na saa ya kengele, na glasi ya maji imejazwa hadi alama. Sikukosea hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikukosea hata siku moja.

Kisha binti akauliza ni nani anayempa mama dawa. Aliuliza kwa sauti ya chini, ili foleni isisikie, na hilo ndilo kosa kubwa ninalomshtakia. Angefoka, na mimi ningefoka, tungemalizana palepale. Nikasema ni mimi. Akasema wengi wanakosea hapo, maboksi yanadanganya, na madaktari hawakuulizana. Si kosa langu peke yangu. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilizoea kuwasomea wengine methali hiyo, nikiwa nimeshika mizani zao. Nimemwondolea mama mmoja mizani yake kwa gramu thelathini, akalia, na sikurudi nyuma.

Tangu siku ile, mke wangu anapokumbuka jambo jipya mezani, kila mtu hufurahi, nami hufurahi, halafu napiga hesabu ya jioni nilizomnyima. Hesabu hiyo siipendi. Miaka ile miwili alipokuwa hanijui, angalau hakuna aliyekuwa na la kuniuliza.

Kutokana na maelezo hayo, naomba ofisi yako ichukue hatua zifuatazo:

(a) Dawa zote sita zilizoondolewa zirudishwe, ili mke wangu asahau tena mlango, sufuria, na kisukari changu.

(b) Kama hilo ni zito, binti wa dirisha namba tatu ahamishiwe mahali penye watoto watupu, ambako hakuna mzee mwenye kopo.

(c) Kama na hilo haliwezekani, nipewe mimi kidonge. Nataka kile cha kusahaulisha, na nataka kinisahaulishe jambo moja tu, la namba sita. Kidogo tu kinatosha. Najua kwamba ushahidi wake kwa mtu wa miaka themanini na moja haupo. Niko tayari kuwa wa kwanza kujaribiwa, na nitajiandikia daftari mwenyewe.

Nategemea kwamba hutaiweka barua hii chini ya zile nyingine nilizoziona mezani kwako. Nisalimie mlinzi wa geti anayenishikia mkono kwenye ngazi bila kuambiwa, na mama wa usafi aliyetupisha kwenye benchi siku ya bandeji. Wasalimie madaktari wote waliomwandikia mke wangu, kila mmoja kwa kidonge chake. Na huyo wa dirisha namba tatu pia msalimie, salamu za kawaida tu, asije akavimba kichwa.

Wako katika vipimo vya haki,
Mkaguzi Mstaafu.

Nakala kwa:
Binti yangu mkubwa (kwa taarifa tu, asifunge safari).
Dada yangu (kwa faraja, na asije na sufuria kabla sijajibiwa).

Nyongeza: Naiondoa barua hii yote, kuanzia shikamoo.

Nilikuwa nimeificha kwenye sanduku la mawe ya kupimia. Kwa miaka miwili ungeweza kuficha humo chochote na mke wangu asijue. Leo asubuhi amekumbuka kwamba ndimo ninamoficha vitu. Ameisoma akiwa amesimama, kalamu mkononi, na namba nne ameisahihisha: anasema sufuria hakulitoa, lilichukuliwa. Alipofika namba sita akavuta kiti, akakaa. Nikajifanya naangalia mvua. Alipomaliza hakufoka. Aliniita Ratili. Mara ya mwisho aliponiita hivyo usoni ilikuwa kabla ya kidonge cha tatu. Akasema nilimpa nilichopewa, na kama nilitaka kushtakiwa nimechelewa, kwa sababu hata huko nyuma hakukuwa na mtu mwingine ambaye yeye angekubali kumeza dawa kutoka mkononi mwake.

Halafu akaenda chumbani akatoa kopo la pili, la dawa zangu mimi, ambazo ni saba. Akazipanga zote meza moja, siku moja, boksi kwa boksi, akachukua kile kioo changu. Mbili amesema hazielewi. Alhamisi tunakuja nazo dirisha namba tatu, kwa hiyo tafadhali binti asihamishwe, na asipewe likizo. Kidonge chochote kilichoondolewa kisirudi. Mlango wa jikoni nimeutengeneza. Ameufunga na kuufungua mara mbili, akasema unaridhisha. Barua tunaituma hivyohivyo ilivyo kwa amri yake, ili namba sita isomwe kwa wazee wengine wanaosubiri kwenye benchi na makopo yao.

Ameniuliza swali moja tu, wakati ananirudishia karatasi. Ameuliza kama yule mgeni, kwa sukari yote ile aliyotiliwa, angalau aliiona chai tamu. Nimemwambia haikuwa tamu hata siku moja.